Kontena la programu kiwandani lisigeuke kibanda

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa bure viraka vya usalama vya Windows 10, maongezi mengi niliyoyasikia kuhusu jambo hilo yanahusu kompyuta za ofisini: nani anunuliwe laptopu mpya, nani avumilie hadi bajeti ijayo, nani alipiwe zile dola 61 za nyongeza ya mwaka mmoja, ambazo mwaka wa pili zinakuwa 122 na wa tatu 244. Hesabu hizo zina maana yake. Lakini kwa viwanda vyetu, kompyuta inayoguswa zaidi na tarehe ile mara nyingi haimo hata kwenye daftari la mali la watu wa TEHAMA. Imo ndani ya kabati la chuma pembeni ya laini ya uzalishaji, imekula vumbi miaka minane, haina anayeikalia, na kwenye paji lake pamebandikwa karatasi kwa selotepu: USIZIME. Kazi yake ni ukalimani. Inachukua namba kutoka kwenye mashine, inazigeuza, inaupelekea mfumo wa stoo na uhasibu. Ikizimika, chupa zinaendelea kujazwa kama kawaida; ofisini ndiko giza linakoingia.

Wauzaji wa programu za viwandani wana jawabu tayari: tupa kompyuta hiyo, mkalimani mfungeni ndani ya makontena, yaani vifungashio vya programu, myawashe kwenye kikompyuta kidogo cha Linux, mfumo endeshi usiotoka Microsoft. Ushauri wenyewe ni mzuri na ninauunga mkono. Ninachokikataa ni sababu wanayoitoa. Wanasema kontena linaondoa tatizo la uzee. Haliondoi. Linauchukua uzee kutoka mahali unapoonekana na kuupeleka mahali usipoonekana. Faida yake halisi ni kwamba linafanya kubadilisha kuwe jambo jepesi, na wepesi huo hauna thamani hata ya senti moja kama hakuna mtu aliyepewa kazi ya kubadilisha. Kiwanda kinachonunua kontena bila kuamua nani atalisasisha kimenunua Windows XP nyingine, ile ya zamani iliyokwisha kuachwa, safari hii isiyo na skrini.

Mashine za kiwandani hazikuzaliwa zikijua kwamba kuna ofisi. PLC, yaani kile kikompyuta kigumu kinachofungua vali, kuwasha mota na kuhesabu chupa, kimetengenezwa kidumu miaka ishirini na zaidi kikifanya kazi ileile bila kuulizwa maswali. Modbus, lugha ambayo hadi leo utaikuta kwenye mita za umeme, mizani na boila, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Haina nywila. Wala haikuambii namba inahusu nini: ukiuliza rejista fulani, yaani kisanduku cha kuhifadhia namba ndani ya mashine, inakujibu 7,312, na kama hizo ni chupa, sekunde au kilo, shauri yako. Siemens wana lugha yao, Rockwell yao, Mitsubishi yao, na kiwanda cha kawaida cha ukanda wetu, kilichojengwa kwa awamu, kwa mkopo huu na mtambo wa mtumba ule, kinazo zote chini ya paa moja.

Mwaka 1996 watengenezaji walipatana juu ya kiwango kimoja cha mawasiliano, OPC, lakini wakakijenga juu ya DCOM, teknolojia ya Windows ya programu kuzungumza kati ya kompyuta na kompyuta. Hapo ndipo kompyuta ya kabatini ilipozaliwa: ukitaka OPC, weka Windows. Miaka mingi baadaye Microsoft ilibana DCOM kwa sababu za kiusalama, hatua kwa hatua, na Machi 14, 2023 ikafunga kabisa njia ya kurudi kwenye mipangilio ya zamani. Mifumo ya OPC ambayo haikuandaliwa ilinyamaza baada ya sasisho la kawaida la mwezi. Hakuna aliyekuwa amegusa mashine wala kukata waya. Uamuzi ulifanyika kwenye makao ya Microsoft, Redmond, Marekani, na matokeo yake yakasikika stoo. Mrithi wa kiwango hicho, OPC UA, aliyetoka 2008, hafungwi na Windows. MQTT, lugha nyingine ya kutumiana data iliyobuniwa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, haijawahi kufungwa nayo. Hizo mbili ndizo zilizomruhusu mkalimani ahame nyumba.

Nyumba aliyohamia ni kontena. Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena iliyoonyeshwa hadharani Machi 2013, ilirahisisha mbinu iliyokuwapo tayari ndani ya Linux: programu inafungwa pamoja na maktaba zake, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari inavyovitegemea, na mafaili yake yote, kisha inaendeshwa ikiwa imetengwa na wenzake, huku zote zikitumia kerneli moja, yaani kiini cha mfumo endeshi. Mashine pepe ni tofauti, maana kila moja hubeba mfumo endeshi mzima mgongoni. Kwa kiwanda cha vinywaji, tuseme, kikompyuta kimoja kisicho na feni kinaweza kubeba kontena linalozungumza na PLC za Siemens, la pili linalosoma Modbus ya boila, la tatu linaloziweka akiba data wakati mtandao wa ofisini umekatika, na la nne linalozituma juu kwa MQTT au OPC UA. La pili likigoma, la kwanza halina habari. Toleo jipya likileta kisirani saa nane usiku, fundi analisimamisha, analiwasha la jana, anarudi kulala. Hili la kurudi nyuma wauzaji hulitaja kwa pupa, wakikimbilia kusifu kasi ya kusakinisha. Naona wamegeuza mambo. Kusakinisha unafanya mara moja. Uhakika wa kurudi nyuma ndio unaompa mtu ujasiri wa kugusa. Ile karatasi ya USIZIME ilibandikwa na fundi ambaye hakuwa na pa kurudi.

Ila kontena lina tabia yake, na jina limeibeba. Bandarini ni chombo cha safari. Tembea barabara yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa uone mengi yanavyoishia: limetobolewa dirisha, limepakwa rangi za kampuni ya simu, ndani kuna duka la vifaa vya umeme au saluni, na nyasi zimeota chini yake. Lililotengenezwa kuhama limekuwa jengo. La programu nalo huishia hivyo hivyo. Mkandarasi analisimika, anakabidhi, anaondoka, na toleo lililokuwa jipya siku ya makabidhiano linabaki lilelile mwaka wa kwanza, wa tatu, wa sita. Ndani yake mna maktaba zilizoandikwa na watu wengine, na maktaba hizo huchakaa. Desemba 2021, udhaifu wa Log4j, maktaba iliyomo ndani ya programu nyingi, ulipotangazwa, kazi ya kwanza katika mashirika mengi ilikuwa kujua kitu hicho kimo wapi. Kompyuta ya kabatini angalau ilikuwa na skrini yenye nembo ya Windows XP, na mkaguzi aliyepita alishtuka mwenyewe. Kontena la 2019 ukilitazama kwa nje halina tofauti na la wiki iliyopita.

Kasoro hiyo nimewahi kuiona kwa sura nyingine katika kiwanda kimoja cha vinywaji. Kijana wa TEHAMA, mwenye bidii zake, alikuwa amesoma kwamba kontena husasishwa kwa kulifuta na kuwasha jipya. Akalifuta, akawasha jipya, likawaka bila shida. Lakini orodha ya alama zaidi ya mia tatu, ile inayosema rejista ipi ni chupa na ipi ni joto la maji, ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kontena lenyewe badala ya kwenye diski iliyo nje yake. Ikaenda na maji. Nakala ilikuwa kwenye laptopu ya mkandarasi, na mkandarasi alishahamia nchi nyingine. Kwa siku tisa karani wa zamu alirudi kwenye kaunta buku na kalamu, akinakili namba kutoka kwenye kiskrini cha mashine. Lawama zilimwangukia kijana. Mimi ningeanza na siku ya makabidhiano: ulikosekana mstari mmoja wa mipangilio, na hakuna aliyeuliza.

Mafundi wa zamani watasema ndivyo walivyotuonya: kinachofanya kazi usikiguse. Hoja yao si ya kudharauliwa. Sasisho likiharibika ofisini, watu wanakunywa chai na kusubiri. Likiharibika kwenye laini wakati maziwa yamo kwenye tangi, hasara ina harufu. Tena wao ndio wanaoitwa usiku, si aliyeandika programu. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inachukulia kuwa usipokigusa kitu kinabaki kilivyo. DCOM ilionyesha kwamba kinaweza kuguswa na mtu wa mbali. Diski huchoka zenyewe, na umeme wetu wa kukatika na kurudi huziwahisha. Na kompyuta iliyounganishwa na ofisi inarithi matatizo ya ofisi: Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta kwa siku kadhaa ingawa wavamizi walikuwa wameingia kwenye kompyuta za upande wa ofisi. Kwa hiyo naligawa onyo la mafundi mara mbili. Kwa PLC wako sahihi kabisa, iachwe na kazi yake, iguswe kwa sababu kubwa tu. Kwa mkalimani hawako sahihi, maana huyo anasimama mlangoni na kila upepo wa ofisini unampitia. Kontena linaruhusu kuchora mstari huo kwa rangi nzito: upande mmoja vitu vya miaka ishirini, upande wa pili vitu vya miezi mitatu. Na ndiyo sababu nadhani ni kosa kulikabidhi kontena la ukalimani kazi ya kuiendesha mashine. Lisome, lisiamuru.

Ipo hoja nyingine ninayoisikia zaidi kwa wakurugenzi, na hiyo ni dhaifu: kwamba kontena ni mambo ya wingu, na data za kiwanda zitaishia kwenye seva za ng'ambo. Asili ya mkanganyiko inaeleweka, kwa kuwa makontena yalipata umaarufu kwenye vituo vikubwa vya data, na Kubernetes, mfumo wa kuyasimamia, ulitoka Google mwaka 2014. Lakini kontena halihitaji wingu, wala halihitaji intaneti. Linaweza kunakiliwa kuwa faili moja, likabebwa kwenye flashi, likapakiwa kwenye kikompyuta ambacho hakijawahi kuona mtandao wa nje tangu kitoke kwenye boksi. Data zinakwenda mahali ulikoziagiza ziende. Wengine huongezea sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Sheria hizo zinawalinda watu. Idadi ya kreti zilizotoka zamu ya usiku si taarifa binafsi ya mtu, isipokuwa umeambatanisha jina la mwendeshaji, na hapo swali ni kwa nini umeliambatanisha. Mkurugenzi anayeogopa siri zake kuvuja angeanza na kile kisanduku cha modemu ambacho wauzaji wa mitambo hupenda kukiacha ndani ya kabati kwa ajili ya kutoa msaada kutoka mbali. Hicho hakina kontena na hakuna anayekiuliza.

Watu wa usalama wana hoja nzito zaidi, kwamba kontena si ukuta. Ni kweli. Kwa kuwa makontena yote yanatumia kerneli moja, ufa katika sehemu ya chini unayafikia yote. Februari 2019 ilitangazwa kasoro ya runc, programu ndogo inayoyawasha makontena, iliyomwezesha mtu aliye ndani ya kontena kutoka nje na kuishika kompyuta mama. Uvivu unaongeza mashaka: mkandarasi akikwama kufikia waya wa zamani wa data, analipatia kontena ruhusa zote za mfumo, kazi inakwisha, anakwenda nyumbani. Kinga halisi iko kwenye mtandao, kwa kutenganisha upande wa mashine na upande wa ofisi kwa kadi mbili za mtandao na kufungua milango ile tu inayohitajika. Kinachonifanya nisiikubali hoja hiyo hadi mwisho ni kwamba kasoro ya runc ilitolewa kiraka, na kiraka kilimfaa aliyekiweka. Tunarudi palepale pa swali la nani atakiweka.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna kifungashio kinachoweza kulitatua, nalo ni maana ya namba. Rejista ya Modbus ina biti 16, kwa hiyo inahesabu hadi 65,535, kisha inarudi sifuri. Mfumo wa uhasibu usioambiwa hilo utaona zamu imezalisha chupa pungufu ya sifuri. Namba kubwa zaidi hugawanywa kwenye rejista mbili, na watengenezaji hawakupatana ipi itangulie. Chupa 100,000 huandikwa 1 na 34,464. Zisome kinyume, ofisini zinafika 2,258,632,705. Bilioni mbili na ushee, kabla ya chakula cha mchana. Kosa la ukubwa huo ni jema kwa sababu kila mtu analicheka na kulirekebisha siku hiyohiyo. Baya ni lile dogo: kihisi kinachohesabu chupa kabla ya kuondolewa zilizovunjika, ilhali ofisi inadhani ni baada. Tofauti ya sehemu ndogo ya asilimia, kila siku, miaka mitatu. Kontena litaisafirisha namba hiyo kwa uaminifu mkubwa. Anayejua kihisi kiko upande gani wa mashine ya ukaguzi ni mzee wa laini, ambaye kwa kawaida hakuitwa kwenye kikao.

Na kikao chenyewe si cha hiari tena kama tunavyodhani. Kenya iliupanua mfumo wake wa stempu za ushuru Novemba 2019 hadi kwenye maji ya chupa, juisi na soda. Tanzania ilianza stempu za kielektroniki Januari mwaka huohuo. Maana yake kiutendaji ni kwamba kwenye laini za vinywaji kuna vifaa vinavyohesabu na kupeleka hesabu nje ya kiwanda. Mwenye kiwanda ambaye namba zake bado zinapitia kaunta buku anakwenda kwenye mjadala na mamlaka ya mapato akiwa na daftari, wenzake wakiwa na hesabu ya dakika kwa dakika. Kama hesabu mbili hazilingani, itabidi mtu aeleze, na ni vigumu kueleza namba usiyoimiliki.

Tunakoelekea, presha itatoka pia Ulaya, inakotoka mitambo mingi ya kujaza na kufungasha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa kimtandao, iliyoanza nguvu Desemba 2024, inawabana watengenezaji kutoa taarifa za udhaifu unaotumiwa na wavamizi kuanzia Septemba 11, 2026, na majukumu makuu yanaanza Desemba 11, 2027, yakiwemo ya kutoa viraka kwa kipindi ambacho kwa kawaida hakipungui miaka mitano. Kiwanda cha Morogoro au Thika hakitetewi na sheria hiyo, lakini kitanunua bidhaa zilezile. Viraka vitakuja vingi kuliko zamani, na vingi vitakuja kama matoleo mapya ya makontena. Mashine itaishi miaka ishirini, ahadi ya viraka inaweza kuwa mitano. Ni nani atalipia mingine kumi na tano, swali hilo sijaliona kwenye nyaraka za zabuni nilizopata kuzisoma. Nilichokiona ni aya ndefu kuhusu RAM na ukubwa wa diski, na neno "mafunzo" likitengewa siku mbili.

Ningekuwa mnunuzi ningepunguza aya za RAM na kuandika mambo mengine. Orodha ya kila kilichomo ndani ya kila kontena, kwa jina na toleo. Orodha ya alama, kwa Kiswahili kinachosomeka na mzee wa laini, ikiwa ni mali ya kiwanda na imehifadhiwa nje ya kontena. Jina la mwajiriwa, si la idara, anayesasisha kila robo mwaka, na saa zake za kazi hiyo ziwe kwenye ratiba ya matengenezo pamoja na kupaka grisi beringi. Mkataba wa matunzo unaolipwa kwa sasisho lililowekwa na kujaribiwa, si kwa kila mwezi unaopita. Vitu hivi havina gharama ya kutisha. Vinahitaji fundi umeme na mtu wa TEHAMA wakae meza moja, jambo ambalo katika viwanda vingi ni gumu kuliko Docker.

Na kabla ya kulipa awamu ya mwisho, jaribio moja. Mkandarasi asimame pembeni, mikono mfukoni. Fundi wa kiwanda achomoe kikompyuta, akiweke chini, achukue kingine kitupu kutoka stoo na flashi iliyofungiwa kwenye droo ya msimamizi, aanze saa. Kama namba hazijarudi ofisini kabla ya zamu kwisha, bado hajakabidhiwa kitu.